Mfuko wa Spana Ulikuwa Wapi?

(Hotuba ya fundi wa baiskeli katika semina ya vikundi vya kujisaidia. Tumeiandika kama alivyoisema, tukaifupisha kidogo tu.)

 

Nimeambiwa nizungumze juu ya kuharibikiwa na vifaa katika safari ndefu ya baiskeli. Asubuhi mama mmoja ameniuliza, "Fundi, leo utatufundisha kuziba pancha?" Nimemwambia ndiyo mama, pancha tutaziba, lakini kwanza nina jambo la kuungama. Mimi nimeshika spana tangu nikiwa mvulana. Na safari iliyotuharibikia kuliko zote, mwenye makosa makubwa nilikuwa mimi fundi.

Ilikuwa mwezi wa Agosti 1996. Kikundi chetu kilitaka kuanzisha shamba la migomba, na miche mizuri ilikuwa Taveta. Mnaijua Taveta, maji yanatoka chini ya Kilimanjaro, ndizi zinastawi. Tulipopiga hesabu ya gari la kukodi tukaona litakula pesa yote ya miche. Mzee mmoja akasema, "Kwani baiskeli zimekufa?" Basi tukakata shauri. Siku moja kwenda, siku moja kuchimba miche na kupumzika, siku moja kurudi. Tulikuwa tisa, wanaume sita na wanawake watatu.

Kutoka Mwatate hadi Taveta si chini ya kilomita 80. Leo kuna lami, mtu anapita akisinzia ndani ya gari. Wakati ule ilikuwa vumbi, mawe na mchanga, na ukishapita Maktau unaingia ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Huko hakuna duka wala kisima, na mwenye njia ni ndovu. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Baiskeli zetu zilikuwa zile nyeusi nzito za breki za vyuma, ambazo wengi wenu mmekuja nazo leo.

Sasa sikilizeni jambo dogo lililotokea kabla hatujaondoka. Jioni ile nilikagua baiskeli zote. Nikafika kwa kijana mmoja, umri wake miaka kama 19, amekuja na baiskeli aliyoazima kwa mjomba wake. Ilikuwa kuukuu kweli. Nikasema kwa sauti, "Hii ni baiskeli au ni kitanda?" Watu wakacheka, na yeye akacheka. Mimi nikaendelea na kazi, nikasahau. Yeye hakusahau.

Siku ya kwanza ilikuwa ya miba. Tulihesabu pancha 11. Mwiba wa mgunga hauna huruma, na ubaya wake ni kwamba unakatika ncha ikabaki ndani ya tairi. Mtu anaziba tyubu vizuri, anajaza upepo, anakwenda hatua mia mbili, pancha tena pale pale. Anailaumu gundi, kumbe hakupitisha kidole ndani ya tairi kabla ya kuirudisha tyubu. Kama unaogopa kuchomwa, pitisha kitambaa chepesi, kitanasa penye mwiba. Na tyubu uitazame pande zote mbili, kwani mwiba mrefu hutoboa huku ukatokea kule. Maji ya kutafutia tundu hatukuwa nayo, yaliyokuwapo ni ya kunywa. Basi unaijaza tyubu upepo, unaipitisha polepole karibu na midomo yako. Ngozi ya mdomo inasikia upepo ambao sikio halisikii.

Halafu haraka. Viraka vingi vinavyobanduka si vibaya, ni vya mtu mwenye haraka. Sugua tyubu mpaka mng'ao wake uishe, paka gundi nyembamba, halafu ngoja. Gundi ikiwa bado mbichi kiraka hakishiki. Kina mama walitufundisha kipimo kizuri: ukishapaka gundi, imba wimbo mmoja wa beti tatu, ndipo ubandike. Kwa wale wanaoimba haraka haraka, beti nne. (Kicheko.)

Mmoja wetu alileta gundi aliyoifungua wakati wa Krismasi. Ilikuwa imekauka kabisa. Basi kila anayesafiri mbali abebe gundi moja ambayo haijafunguliwa. Mwingine tyubu yake ilichanika pale penye mguu wa valvu, na pale hapazibiki. Tyubu za akiba tulikuwa tumeshazimaliza. Tukang'oa nyasi kavu, tukazisindilia ndani ya tairi kwa nguvu mpaka likasimama. Aliingia Taveta hivyo, polepole, anarukaruka kama anapanda punda. Ni jambo la kufanya ukiwa huna jingine, kwa sababu nyasi zikilegea tairi linaweza kutoka kwenye rimu.

Wenyeji wetu wa Taveta walitupokea vizuri mno. Tulichimba miche 64, minane kwa kila baiskeli, baiskeli nane. Ya tisa ilikuwa yangu. Mimi nilibeba mfuko wa spana, pampu na vipuri vyote, kwa hiyo nilisamehewa miche. Lishikeni hilo.

Kuhusu mizigo nitasema kidogo. Hesabuni spoki za baiskeli zenu kubwa. Nyingi mtakuta za nyuma ni 40 na za mbele ni 32, kwa sababu uzito wote unakaa nyuma. Hata hivyo spoki za nyuma ndizo zinazokatika, hasa upande wa cheni. Mwenyekiti wetu zilimkatika mbili tulipotoka tu Taveta, gurudumu likaanza kuyumba na kugusa breki. Alikuwa amefunga miche nyuma kabisa ya keria, inaning'inia kama mkia. Tukaishusha, tukaisogeza mbele karibu na kiti, mizito chini. Spoki ikikatika upande wa kulia, rimu inavutwa kushoto. Basi unalegeza kidogo zile za kushoto zilizo jirani na pengo, nusu mzunguko, na kukaza kidogo za kulia. Nusu mzunguko tu, halafu zungusha gurudumu utazame. Mtu asiyejua anakaza zote, na baada ya nusu saa anakatikiwa na nyingine tatu.

Sasa tunafika kwenye deni langu.

Tulichelewa kwa ajili ya spoki za mwenyekiti. Askari wa mbuga walikuwa wametuambia tuwe nje kabla ya giza. Mimi baiskeli yangu ni nyepesi, sina miche, nikawaambia wenzangu, "Natangulia Maktau nikatafute mahali pa kulala na chai." Wenye nguvu wakanifuata. Mtu akikaza mwendo mbele, wa nyuma naye anakaza, na asiyeweza anaachwa. Saa nane mchana walioachwa walikuwa wawili, yule kijana na dada mweka hazina wetu. Dada huyu hakuwa dhaifu. Alikuwa amepunguza mwendo kwa makusudi, kwa sababu alimwona kijana anakanyaga vibaya.

Mnaijua ile pini inayoshika mkono wa pedeli kwenye ekseli? Ikilegea inagonga. Tok. Kila mzunguko, tok. Kijana aliisikia tangu asubuhi tukitoka Taveta, na mimi fundi nilikuwa mbele yake hatua ishirini. Akanyamaza. Dada alipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, alijibu, "Fundi angesema ni kitanda."

Pini iliyolegea ukiikanyagia siku nzima inajila, halafu inaula mkono wa pedeli. Katikati ya mbuga mkono ukazunguka bure, kijana akaanguka na miche yake. Spana hawana, pampu hawana. Wana kisu kimoja, kamba ya mkonge na chupa mbili za maji.

Dada yule hakuwahi kufundishwa na mtu. Lakini siku za soko alikuwa akikaa na nyanya zake karibu na kibanda cha fundi, na macho hayalipiwi kodi. Aliokota kopo kuukuu kando ya barabara, akakata ukanda mwembamba wa bati kwa kisu, akaiviringisha ile pini iliyolika. Akaweka jiwe kubwa chini ya mkono wa pedeli, akaipigilia pini kwa jiwe jingine, na juu yake ameweka kipande cha mti ili asivunje nyuzi za nati. Nataka mjue kwamba hivyo ndivyo ilivyo sawa. Wengi wanafikiri nati ndiyo inayovuta pini iingie, wanakaza mpaka nyuzi zinakatika. Nati inazuia tu isitoke. Kinachoingiza pini ni nyundo, na lazima chini pawe na kitu cha kuegemea, ama sivyo pigo lote linakwenda kwenye gololi.

Bati lile liliwapeleka kama kilomita tatu. Akatengeneza jingine, likaenda moja. La tatu halikushika. Jua linashuka. Wakaficha miche yao 16 chini ya kichaka, dada akaifunga kamba kwenye keria yake, akawa anamvuta kijana kwenye tambarare, na penye mchanga wanasukuma wote. Kundi la ndovu likavuka barabara mbele yao, wengine na watoto. Walisimama hapo hapo bila kusema neno. Dada anasema ni kama nusu saa. Kijana anasema ni saa mbili. Mimi sikuwapo.

Mimi nilikuwa Maktau, ndugu zangu, na kikombe cha pili cha chai. Mwenzangu mmoja aliuliza, "Hawa wawili wako wapi?" Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka, "Watakuwa wanaongea tu." Ilikuwa saa kumi na moja na nusu dereva wa lori aliposimama akatuambia amewapita watu wawili huko nyuma, mmoja anavuta mwenzake kwa kamba, na hakuwa na nafasi ya kuwabeba. Nilichukua tochi na mfuko, nikarudi na wenzangu wawili. Tuliwakuta giza limeshaingia.

Ndani ya mfuko wangu kulikuwa na pini mpya, ya unene ule ule. Pini zinatofautiana, na nusu milimita tu inatosha kukulaza njiani, lakini hii ilikuwa yenyewe. Kuibadilisha kulinichukua dakika kumi. Wao walikuwa wamehangaika zaidi ya saa nne.

Kijana alinishikia tochi. Hakuniambia neno, wala mimi.

Asubuhi tulirudi kuchukua miche. Tulikuta majani yaliyotafunwa na mavi ya ndovu. Hakuna hata mche mmoja uliobaki.

Jumapili baada ya ibada kamati ilikaa. Pesa ya miche ilikuwa ya mzunguko wa kikundi, nyingine ni ya wajane wawili ambao zamu yao ilikuwa imefika. Watu walikuwa na uchungu. Ikatolewa hoja kwamba kijana alipe miche yote 16, kwa sababu alificha ubovu. Wengi waliikubali. Mimi pia niliinua mkono. Nasema ukweli mbele ya Mchungaji: niliinua mkono.

Ndipo mweka hazina akasimama. Alisema, "Kabla hajalipa huyu mtoto, fundi atuambie mfuko wa spana ulikuwa wapi." Akakaa.

Sikuwa na jibu. Mfuko ulikuwa Maktau, mahali ambapo hakuna aliyeharibikiwa. Baada ya mabishano marefu ikaamuliwa kijana asilipe kitu, mimi nilipe minane, na kikundi kibebe minane. Nililipa kwa kazi, kukarabati baiskeli za wanachama bila malipo mpaka deni likaisha. Ilichukua miezi minne, na siku nyingine nilikuwa na hasira.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Mfaransa mmoja, Eugène Christophe. Mwaka 1913 alikuwa katika mashindano makubwa ya baiskeli ya kuzunguka Ufaransa, na alikuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda. Akishuka mlima uitwao Tourmalet, uma wa mbele wa baiskeli yake ukavunjika. Sheria ya mashindano ilisema mtu asisaidiwe na yeyote. Basi akaibeba baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji kinachoitwa Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaufua ule uma kwa mikono yake mwenyewe, saa nyingi, na wakubwa wa mashindano wamesimama wanamtazama asisaidiwe. Mikono yake miwili ilikuwa na chuma na nyundo, hivyo mtoto mmoja akamvutia mivukuto ya moto. Kwa ajili ya mtoto huyo wakamwadhibu, wakamwongezea dakika. Alimaliza mashindano, ila ushindi ulikuwa umekwenda.

Niliposoma habari hiyo nilimwonea fahari, maana huyo ni fundi. Lakini nilijiuliza: sisi nani alituandikia sheria kama hiyo? Hatukuwa kwenye mashindano. Hakuna mkubwa aliyesimama kutuzuia. Hata hivyo spana zote ziko kwa mtu mmoja, ujuzi wote uko kwa mtu mmoja, na mwenye baiskeli mbovu anaona heri aanguke mbugani kuliko kusema.

Tukabadilisha mambo. Siku hizi tukisafiri, fundi yuko nyuma kabisa. Hapendi, lakini ndiyo kazi yake. Pampu ni mbili, moja mbele na moja nyuma. Kila mtu ana tyubu yake moja, viraka vyake na vipande viwili vya tairi kuukuu vya kuweka ndani pale tairi linapochanika. Spoki za akiba zimefungwa kwenye fremu za watu watatu tofauti, urefu wa mbele na wa nyuma, kwa sababu si sawa. Pini mbili, kiungo cha cheni na klipu yake viko kwa mweka hazina, naye anajua kuvitumia. Klipu ya cheni, kwa njia, upande wake uliofunga utazame mbele kule cheni inakoelekea. Ukiigeuza itakutoka njiani. Na kila mtu akigeuka asipomwona wa nyuma yake, anasimama. Hii inachosha watu kuliko kilima, tumegombana sana juu yake.

Jambo jingine ni la jioni. Kabla ya sala na chakula tunazunguka, kila mtu anataja ubovu mmoja wa baiskeli yake. Hairuhusiwi kusema "yangu ni nzuri." Anayeanza ni fundi. Jioni ya kwanza nilisema breki yangu ya nyuma haishiki, na ilikuwa kweli, ilikuwa haishiki kwa mwaka mzima. Watu walishangaa. Baada yangu yakatoka mengi: huyu friwili inateleza, huyu kiti kinalegea, mama mmoja akasema anasikia kelele lakini hajui iko wapi. Tukainua gurudumu, tukasikiliza wote.

Tulikwenda Taveta tena Agosti 1998, baada ya mvua za El Nino kuichimbua barabara. Haikuwa safari nzuri. Tairi moja lilipasuka, spoki zilikatika tano, tukafika nyumbani saa tatu usiku na miche mitatu imekaushwa na jua. Lakini watu tisa walifika pamoja. Yule kijana alikuwapo, na baiskeli ile ile ya mjomba. Jioni ya kwanza kule Taveta zamu yake ilipofika alisema, "Kitanda changu kinalia upande wa kushoto." Tulicheka mpaka mwenyeji wetu akatoka nje kutazama kuna nini. Halafu nilifungua, nikakuta gololi mbili zimepasuka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi tutoke nje, chini ya mwarobaini. Kuna baiskeli tatu nimezipigilia miba mimi mwenyewe leo asubuhi, na moja ina pini iliyolegea, sitasema ni ipi. Mafundi wote mliopo hapa nawaomba mkae kando, mikono mfukoni. Kina mama watangulie. Gundi ni moja tu na haijafunguliwa, kwa hiyo mtu atuanzishie wimbo.